Mswaki Wangu, Sinia Letu: Jinsi ya Kumtengenezea Mtoto Kitabu cha Picha Kuhusu Kuacha Kuchangia

Uwani kwetu, Ngamiani, Tanga, miswaki hukaa kwenye kikombe cha plastiki juu ya ukuta mfupi wa bafu. Siku moja nikiwa nafua nilikitazama kile kikombe nikaona miswaki mitatu, na sisi nyumbani tuko wanne. Nikamwita binti yangu, wakati huo ana miaka 7. "Mswaki wako uko wapi, mwanangu?" Akanionyesha kwa kidole. Nikamwita mdogo wake wa miaka 5, naye akaonyesha uleule. Kumbe mmoja ulipotea siku nyingi, wao wakaona halina haja ya kusemwa. Dada anaanza, mdogo anafuatia, hakuna kelele.

Moyo wangu ulifurahi kabla haujashtuka. Sisi watu wa pwani watoto tunawalea hivyo: sinia moja, mkeka mmoja, chungwa la Muheza likikatwa kila mtu apate. Mtoto anayejificha nyuma ya mlango ale peke yake ataitwa mchoyo, na jina hilo likishamganda halitoki upesi. Sasa mtoto huyohuyo nitamwambiaje kwamba kuna vitu havichangiwi?

Nilimwambia kwa mdomo. Akaitikia, "Ndiyo, mama," kesho yake mambo yakawa yaleyale. Baada ya wiki chache mdogo akatoka mapunye kichwani, na dada akafuatia, maana hata kitana kilikuwa kimoja. Hapo ndipo nilipokaa chini nikatengeneza kitabu cha picha cha kurasa 16. Nilikirudia mara tatu mpaka kikakaa sawa. Nakueleza nilivyofanya, nikikuepusha na yale yaliyonipotezea muda.

Vifaa ni karatasi 4 za A4, manila moja ya jalada, penseli na kifutio, kalamu nyeusi ya wino, penseli za rangi, sindano nene na uzi. Makapeni usitumie kwenye karatasi ya kawaida, wino wake unapenya na kuchafua ukurasa wa nyuma. Tenga jioni tatu au nne.

Hatua ya 1: Chagua kitenzi kwanza

Hatua hii utaona kama haihusiani na kitabu cha watoto, lakini ndiyo iliyonichelewesha kuliko zote. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mama anayewaambia watoto, "Kila mtu awe na chake." Nikaisoma usiku, nikaona nawafundisha uchoyo.

Lugha yetu haina neno moja la jambo hili la kuwa na kitu pamoja, ina maneno kadhaa, na kila moja lina kazi yake. *Kugawana* ni kukata kitu, kila mmoja akapata fungu lake: mkate, chungwa, pesa ya sikukuu. *Kupokezana* ni kwenda kwa zamu: leo wewe unakaa mbele kwenye baiskeli, kesho yeye. *Kuazimana* ni kupeana na kurudishiana: kalamu, kanzu ya kwenda harusini. *Kula pamoja* ni kula pamoja, hakuna wa kukuuliza zaidi. Kisha kuna *kuchangia*, kwa maana ile tuliyoizoea kwenye mabango ya zahanati yanayotuonya tusichangie nyembe na sindano: kitu kimoja kinapita kwenye mwili wa huyu, kisha kwenye mwili wa yule.

Kitabu chako kinagombana na hicho cha mwisho peke yake. Kugawana kubaki. Kupokezana kubaki. Kula sinia moja ndiyo kabisa kubaki, na kuonekane kwenye picha. Andika juu ya karatasi ya rasimu sentensi moja inayosema nani anaacha kuchangia nini. Yangu ilisomeka: "Mtu na dada yake wanaacha kuchangia mswaki, kitana na shuka, ila bado wanakula pamoja." Kila picha niliyochora baadaye niliipima kwa sentensi hiyo. Isiyoingia niliiacha, hata kama ilikuwa nzuri.

Hatua ya 2: Chagua vitu vitatu, visizidi

Orodha ya vitu visivyochangiwa ni ndefu kuliko kitabu, na mzazi unatakiwa kujua sababu hata usipoziandika. Mswaki hubeba mate, na fizi zikitoka damu hubeba na damu, na homa ya ini aina ya B ni moja ya maradhi yanayoweza kupita njia hiyo. Kitana na kofia hupitisha chawa na mapunye, ambayo ni fangasi wa ngozi ya kichwa. Taulo la kufutia uso linaweza kutoa macho mekundu kwa mmoja likampelekea mwingine, na trakoma nayo hupita kwenye vitambaa na mikono inayogusa macho. Upele hupita kwa kulala ngozi kwa ngozi, na kwenye nguo na mashuka. Nguo za ndani sina haja ya kuzieleza.

Lakini mtoto wa miaka 5 akisomewa maradhi sita atakachokumbuka ni hofu. Mimi kitabuni sikutaja ugonjwa hata mmoja. Niliweka mswaki na kitana kwa sababu ndivyo vilivyotusumbua, na shuka kwa sababu ndilo watoto wangu wenyewe waliligombania kila usiku. Na shuka lina sababu nyingine katika nyumba zetu. Mafundisho ya Kiislamu yanawataka wazazi wawatenganishe watoto malazi wanapofika miaka 10, na wenye wa kike na wa kiume katika chumba kimoja huanza kulifikiria mapema. Siku ile ikifika ghafla mtoto huhisi amefukuzwa. Akiwa ameshaizoea habari hiyo kitabuni tangu mdogo, haitamuumiza sana.

Kama kwenu tatizo ni ndala, au chupa ya maji ya shule, weka hivyo. Anza na kile wanachokichangia kweli.

Hatua ya 3: Tafuta picha moja itakayobeba kitabu kizima

Vitu vitatu bado si hadithi. Unahitaji jambo moja linaloonekana kwa macho, ambalo mtoto atalikumbuka akiwa amelala.

Mimi nililipata kabatini. Nilikuwa na doti ya kanga sijaikata. Unajua kanga inavyouzwa: vipande viwili vimeshikana, kila kimoja na pindo lake pande nne, mji wake katikati na jina lake kwa chini. Ukifika nyumbani unakata pale vinapokutana, unapinda ncha, unapata kanga mbili. Doti yangu ndiyo lile shuka la ugomvi: watoto walikuwa wanajifunika hivyohivyo ilivyo, nzima, mmoja kichwa huku na mwingine huku, wakivutana mpaka alfajiri.

Nikaitandaza sakafuni. Kitu hiki kimetengenezwa kwa ajili ya kukatwa. Ukikikata hakiharibiki, ndipo kinapokamilika. Na vipande vyote viwili vina jina moja, neno kwa neno. Yote niliyotaka kuwaambia wanangu yalikuwa pale sakafuni, nami nilikuwa nimeishi nayo tangu nizaliwe.

Jina la kanga ya kitabuni liwe fupi liingie kwenye mchoro. Nilitumia *Damu nzito kuliko maji*. Ukipenda methali nyingine ya ndugu, angalia tu isiwe ya mafumbo ya kanga za kupigana vijembe. Mtoto atauliza maana yake mbele ya watu.

Wewe si lazima utumie kanga. Mwenye mkeka, mwenye boga, mwenye nazi inayopasuka vifuu viwili, kila mtu atazame nyumbani kwake. Ila kiwe kitu ambacho kukigawa ni jambo jema.

Hatua ya 4: Panga kurasa kabla ya kuchora

Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati unapata kurasa 4. Ndiyo maana kitabu cha kukunja lazima kiwe na kurasa 8, 12, 16 au 20, hakiwezi kuwa na 14. Kurasa 16 ni karatasi 4, na zinatosha kabisa kwa mtoto wa miaka 3 mpaka 7.

Ugumu ni kwamba kurasa zinazofuatana hazikai pamoja kwenye karatasi moja. Ukurasa wa 1 unakaa ubavuni mwa wa 16. Watu wengi huchora vizuri, kisha wakikusanya wanakuta hadithi imevurugika. Kanuni ni moja na haikosei: katika kitabu cha kurasa 16, namba mbili zilizo upande mmoja wa karatasi zikijumlishwa zinatoa 17. Karatasi ya nje ina 16 na 1, nyuma yake 2 na 15. Ya pili ina 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani kabisa 10 na 7, nyuma 8 na 9.

Usiamini kichwa chako, wala maelezo yangu. Chukua karatasi chakavu 4, zikunje, zipachike moja ndani ya nyingine, andika namba 1 mpaka 16 ukifungua kama unasoma, halafu zitenganishe. Hicho ndicho kitabu cha majaribio. Kiweke, utakitumia mpaka mwisho.

Sasa tazama kurasa za 8 na 9. Ndizo pekee zinazokaa ubavu kwa ubavu kwenye upande mmoja wa karatasi na pia zinatazamana kitabu kikifunguliwa. Maana yake unaweza kuchora picha moja kubwa inayovuka mkunjo bila kukatika. Nilipoligundua hilo niliacha kalamu nikasimama. Doti yangu ingekaa hapo, imetandazwa kurasa mbili, na mkunjo wa kitabu ungekuwa palepale mkasi unapopita.

Jambo jingine la kurasa: mtoto anashtuka anapofunua. Kwa hiyo swali la kumshtua, si yale ya kuitikia pamoja, liwe ukurasa wa kulia, wenye namba witiri, na jibu liwe wa kushoto baada ya kufunua. Ukiyaweka kwenye kurasa zinazotazamana, jicho lake limeshaliona jibu kabla hujamaliza kusoma swali.

Hatua ya 5: Andika maneno, machache

Kila ukurasa maneno yasizidi 15 hivi, na yasomeke kwa pumzi moja. Kitabu kizima changu hakifiki maneno 150.

Hapa Kiswahili kinakusaidia sana, mradi ukiachie nafasi. Ukiuliza kitu ni cha nani, jibu linabadilika kwa kila kitu: mswaki *wetu*, kitana *chetu*, kanga *yetu*, sinia *letu*. Baadaye linageuka: *wangu, changu, yangu*. Mtoto anasubiri neno hilo kama anavyosubiri kiitikio cha wimbo. Na bila kujua, anajifunza upatanisho wa ngeli. Usimsahihishe akikosea. Endelea kusoma, atalinyoosha mwenyewe mara ya tatu au ya nne.

Majina nilikosea mwanzoni. Niliwaita Mwanaidi na Mwanajuma, nikapenda kwamba hata majina wanachangia nusu. Watoto wakachanganyikiwa, hawakujua nani ni nani. Chukua majina yasiyofanana sauti ya mwanzo. Haya ndiyo maneno ya kitabu changu kilivyo sasa:

*Uk. 2: Mwanaidi na mdogo wake Bakari wanalala kitanda kimoja. Wanajifunika kanga moja.*

*Uk. 3: "Ya nani hii?" anauliza Bibi. "Yetu!"*

*Uk. 4: Asubuhi wanapiga mswaki. Mswaki ni mmoja. "Wa nani huu?" "Wetu!"*

*Uk. 5: Wanachana nywele. Kitana ni kimoja. "Cha nani hiki?" "Chetu!"*

*Uk. 6: Usiku Mwanaidi anavuta kanga. Bakari anavuta kanga. Vuta! Vuta! Vuta!*

*Uk. 7: Miguu ya Bakari iko nje. Mabega ya Mwanaidi yako nje. "Bibi," anaita Mwanaidi, "mkasi uko wapi?"*

*Uk. 8 na 9: Krrrrch.*

*Uk. 10: Sasa kanga ni mbili. "Ya nani hii?" "Yangu," anasema Mwanaidi.*

*Uk. 11: "Na hii?" Bakari kimya. Anatazama maandishi yake. Anatazama ya dada. Ni yaleyale.*

*Uk. 12: Asubuhi miswaki ni miwili. "Wangu!" "Wangu!"*

*Uk. 13: Vitana ni viwili. "Changu!" "Changu!"*

*Uk. 14: Mchana Bibi anakuja na wali, samaki na mchuzi wa nazi. "Na sinia hili la nani?"*

*Uk. 15: "LETU!"*

Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, na wa 16 nitauzungumzia mwishoni.

Kuna mambo mawili hapo nayatetea kwa nguvu zote. La kwanza, anayeomba mkasi ni mtoto. Katika rasimu ya pili alikuwa Bibi anayeingia na mkasi kwa hasira, na watoto wakalipokea kama adhabu. Kukata kukitoka kwa mtoto mwenyewe, linakuwa jambo alilolitaka. Kuhusu mkasi wenyewe, kwenye mchoro uwe mkononi mwa Bibi, watoto washike pindo huku na huku. Mtoto huiga anachokiona.

La pili ni ukimya wa Bakari. Ulikuwa na shaka na ukurasa huo? Hata mimi. Nilitaka kumfanya afurahi papo hapo. Lakini mdogo anayetenganishwa na dada yake anahuzunika, na kitabu kikijifanya hakuna huzuni, mtoto anajua kinamdanganya. Mwache akae nayo ukurasa mmoja mzima. Na wewe ukisoma, nyamaza hapo kidogo.

Hatua ya 6: Wasomee kabla hujatia rangi

Chora kwa penseli tu, vijitu vya mistari, kwenye kitabu cha majaribio. Kisha kaa barazani na watoto watatu wanne, wako na wa jirani, usome. Usiwaulize kama wamekipenda, watakwambia ndiyo kwa adabu. Tazama macho yanapohama, na usikilize maswali.

Rasimu yangu ya pili iliishia kwenye vitana, ukurasa wa 13. Nikafunga kitabu. Mwanangu mdogo akakaa kimya, halafu akaniuliza, "Sasa wanakula wapi?"

Nikamwambia, wanakula nyumbani kwao.

"Kila mtu na sahani yake?"

Alikuwa ameshika ukingo wa kanga yangu, hatanii. Alishaona miswaki imekuwa miwili, vitana viwili, akapiga hesabu zake akafika kwenye sinia. Usiku ule niliongeza kurasa za 14 na 15, na hazijabadilika tena. Kama ningekitia rangi kabla ya kuwasomea, nisingekuwa na nafasi.

Hatua ya 7: Chora

Huhitaji kuwa fundi wa kuchora. Unahitaji mtoto asiyejua kusoma aweze kumtambua kila mtu. Mpe kila mmoja rangi yake tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho: Mwanaidi kijani, Bakari chungwa. Miswaki ya ukurasa wa 12 iwe na rangi hizohizo, na vitana pia. Mtoto atajua mswaki upi ni wa nani kabla hujasoma neno, naye atakwambia kwa sauti.

Kanga usiichore nakshi zote, utachoka kufikia ukurasa wa 6, na utahitaji kuirudia tena na tena. Pindo mistari miwili, mjini korosho moja kubwa, chini jina. Inatosha, kila mtu ataijua ni kanga. Kwenye kurasa za 8 na 9 chora korosho mbili, moja kila upande wa mkunjo, na jina mara mbili. Mkasi uingie kutoka juu, ncha zake juu ya mkunjo wenyewe. Kazi kubwa ifanye hapo. Hizo ndizo kurasa ambazo mtoto atazirudia kwa kidole chake, akipita na mkasi kutoka juu mpaka chini.

Mandhari yawe ya nyumbani kwenu. Nyumba ya kwetu ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, kisha uwani penye jiko na bafu. Mswaki hupigwa uwani, kwa hiyo nilichora ndoo, kata, mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani. Baiskeli nayo ipo, maana Tanga bila baiskeli haijakamilika, na watoto wangu wangeuliza iko wapi. Ila usichore bahari na mashua kwa sababu tu ni Tanga. Hadithi hii inaishi chumbani na uwani, haikufika pwani.

Ukimaliza penseli, pita juu yake na kalamu nyeusi, futa penseli, ndipo utie rangi. Mstari mweusi ndio utakaotoka vizuri ukienda kutoa kopi. Maneno yaandike kwa herufi kubwa kidogo, zimeachana, mbali na mkunjo angalau upana wa kidole gumba, vinginevyo mengine yatamezwa na mshono.

Hatua ya 8: Shona

Zipachike karatasi 4, funika na manila iliyokunjwa, bana kwa vibanio vya nguo. Stepla ya kawaida haifiki katikati, hivyo mimi nashona. Fungua kitabu katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja juu, moja chini. Anzia ndani kwenye tundu la katikati, toka nje, ukiacha mkia wa uzi. Ingia kwa tundu la juu. Ukiwa ndani, shuka moja kwa moja mpaka tundu la chini, ruka la katikati, toka nje. Rudi uingie tena kwa la katikati. Sasa una ncha mbili ndani, moja huku na moja huku ya ule uzi mrefu. Zifunge juu yake fundo mbili, kata.

Nilibandika kitambaa chembamba cha kanga kuukuu mgongoni mwa kitabu kwa gundi ya uji mzito wa unga wa ngano. Inapendeza, na inalinda mshono. Iache ikauke usiku kucha chini ya kitu kizito.

Ukitaka nakala za darasa au madrasa, usishone kwanza. Peleka karatasi zikiwa bado zimetengana steshenari, omba kopi mbele na nyuma, na utazame ile ya kwanza kabla hazijatoka nyingine. Mara nyingi upande wa nyuma hutoka kichwa chini. Kopi za nyeusi na nyeupe hazina ubaya, kila mtoto atatia rangi zake, na hapo ndipo utakapoona kila mmoja anajichagulia mswaki wa rangi gani.

Hatua ya 9: Siku ya kuwasomea

Nunua miswaki kabla ya kusoma. Kitabu kikiisha na kikombe bado kina mswaki mmoja, umewaonyesha maneno matupu. Kila mmoja achague rangi mwenyewe dukani, na isifanane. Miswaki ikae wima, vichwa visigusane, na ibadilishwe kila baada ya miezi 3 hivi au nywele zake zikilala. Ukiweza, kata na doti siku hiyohiyo, washike pindo kama kwenye picha. Sisi tulifanya hivyo sebuleni, na "krrrrch" waliipiga wao.

Wakisahau wakarudia kuchangia, na watarudia, usihubiri. Shika kitu juu, uliza kama Bibi: "Wa nani huu?"

Umebaki ukurasa wa 16. Nyuma ya kitabu nilichora mistari miwili ya kuandikia majina, mmoja chini ya mwingine. Wenzangu wamenishauri nitengeneze nakala mbili, kila mtoto awe na yake, kwa kuwa ndivyo kitabu kinavyosema. Mimi nimekataa. Kitabu hakigusi mate wala kichwa cha mtu, na kinasomwa vizuri zaidi wakiwa wawili. Binti yangu aliandika jina lake mstari wa juu. Mdogo alikuwa bado hajui herufi zote, akaandika tatu za mwanzo, kubwa, zikavuka mstari mpaka kwenye jina la dada. Dada akamwambia, "Si kitu, ni chetu."